Siku ni Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kupiga Hesabu ya Mjengo kwa Saa, Hapa Hapa Mombasa

Ukienda saiti yoyote Mombasa hii, iwe Nyali kwa maghorofa ya wenye pesa zao ama kule Miritini kwa magodauni, fundi swali lake la kwanza ni moja tu, "siku ni ngapi?", yaani mlipo wa siku moja ni pesa ngapi. Foremani atataja namba, elfu moja mia mbili, elfu moja mia tano, na wewe utainamisha kichwa kidogo kama mtu anafikiria kumbe hakuna unachofikiria, alafu useme haya kesho nakuja. Mimi ni kapenta wa fomwak, yaani mbao za kushikilia zege, nimefanya hivo miaka mingi sana mpaka siku moja nikakaa na kalamu nikaona hilo swali lenyewe ndo linatuumiza, maana siku haina urefu. Siku ya foremani yaweza kuanza saa moja asubuhi na kuisha saa tatu usiku na bado ni "siku" moja.

Kwa hivyo huu mwongozo ni wa kukutoa kwa siku kukupeleka kwa saa, kisha tuongeze yale marupurupu ambayo chama cha wafanyakazi na sheria vimeshakupa lakini hakuna anayekutajia pale getini. Chukua daftari na kalkuleta ya simu.

Kwanza, daftari

Hii ndo hatua watu huruka na ndo ya maana kuliko zote. Nunua kijitabu cha shilingi chache pale Mwembe Tayari, kila jioni kabla hujapanda matatu andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, muda wa kula, kazi uliyofanya na foremani alikuwa nani. Mistari miwili tu. Ukilipwa kwa M-Pesa usifute meseji, ukilipwa kesh andika siku na kiasi. Mastaroli, yaani orodha ya waliofika kazini, ni ya kontrakta, akitaka inapotea, akitaka jina lako linageuka kuwa la mtu mwingine. Hilo la majina nitalirudia chini, maana halitokei kwa bahati mbaya.

Pili, jua wewe ni nani kwa karatasi

Mkataba wa chama haujui "fundi mkali", unajua gredi. Kuna mtu wa mkono, kuna fundi asiye na gredi, kuna fundi wa gredi ya 3, ya 2 na ya 1, na kila daraja ina bei yake. Gredi hizi unapata kwa kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na wako na kituo hapa Mombasa. Najua mafundi waashi wa miaka ishirini wanaojenga ngazi ya mzunguko bila kuangalia drawingi mara mbili lakini kwa karatasi hawana kitu, kwa hivyo wakienda kwa kontrakta mkubwa wanaandikwa chini kabisa pamoja na kijana aliyetoka kijijini juzi, na hapo hata chama hakiwezi kukusaidia sana maana bei inafuata cheti. Fanya mtihani. Pia jisajili kwa National Construction Authority, mamlaka ya ujenzi, upate kadi, saiti kubwa siku hizi wanaiuliza.

Tatu, tafuta jedwali lenyewe

Bei za mjengo Kenya zina tabaka, na lazima ujue uko juu ya lipi.

Chini kabisa kuna sakafu ya serikali, ile wage order ya jumla, yaani amri ya mshahara wa chini. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 iliongezwa asilimia 6, na kwa miji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu mfanyakazi wa kawaida kabisa asiye na ujuzi kwa order hiyo hakuruhusiwa kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hiyo bado haina pesa ya nyumba ndani. Juu yake mjengo una order yake kama sekta. Kisha juu ya hizo kuna CBA, yaani mkataba wa pamoja, ambao chama chetu, Kenya Building, Construction, Timber and Furniture Industries Employees Union, hukaa mezani na upande wa makontrakta, Kenya Association of Building and Civil Engineering Contractors, wakakubaliana bei za kila gredi, masaa, likizo, nyumba, safari na kadhalika.

Mkataba huo ukisharejistawa kortini, kwa Employment and Labour Relations Court, unakuwa sehemu ya mkataba wako wewe binafsi hata kama hukuwahi kuusoma. Kontrakta anayebanwa nao hawezi kukwambia "sisi hapa tuna utaratibu wetu". Anaweza kukulipa zaidi, chini hawezi.

Jedwali lichukue kwa tawi la chama ama kwa shopu stiwadi wa saiti, yaani mwakilishi wa chama pale kazini, na hakikisha ni la awamu hii, maana bei hupandishwa kila wakijadiliana upya na karatasi ya kaka yako iliyokunjwa kwa pochi tangu enzi za kujenga SGR haikusaidii kitu.

Kujiunga ni rahisi, kuna Fomu S, unajaza na kusaini, kontrakta anaanza kukukata ada na kuipeleka chamani. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kwa huyo kontrakta, lazima akitambue, Labour Relations Act ya 2007 imesema hivyo. Na kuna jambo la kuchekesha, hata ukikataa kujiunga, kama mkataba unakuhusu unaweza kukatwa ada ya uwakala, yaani malipo ya chama kwa kukujadilia. Sasa kama utakatwa vyovyote si bora uwe mwanachama upige kura?

Nne, geuza siku kuwa saa

Hapa tukae kidogo.

Tuseme Ali na Karisa, mafundi wawili. Ali yuko saiti ya Bamburi, analipwa 1,500 kwa siku, anaingia saa moja asubuhi anatoka saa kumi na mbili jioni, saa moja ya kula. Karisa yuko Changamwe, analipwa 1,300, anaingia saa mbili anatoka saa kumi na moja, saa moja ya kula pia. Jioni wakikutana kwa viazi karai Ali ndo bosi, anamnunulia mwenzake mpaka chai.

Piga hesabu. Ali kafanya saa 10, kwa hivyo 1,500 gawa kwa 10 ni 150 kwa saa. Karisa kafanya saa 8, 1,300 gawa kwa 8 ni 162.50. Karisa ndo anayelipwa vizuri. Na bado hatujamaliza kumuumiza Ali, maana kama siku ya mkataba ni saa 8, zile saa mbili za mwisho zilikuwa ovataimu na ovataimu siku ya kawaida ni mara moja na nusu. Saa mbili za ovataimu zahesabika kama saa tatu, ongeza zile 8 ni 11. Gawa 1,500 kwa 11 wapata 136 na senti. Hiyo ndo bei ya kweli ya Ali, na chai kanunua yeye.

Kwa hivyo ukitajiwa siku, uliza mara moja: saa ngapi mpaka saa ngapi, na ya kula inakatwa ama haikatwi? Kama foremani anakasirika kwa swali hilo ushapata jibu lako.

Kama unalipwa kwa mwezi, njia ya order ya jumla ni kuchukua mshahara wa msingi, bila nyumba, ugawe kwa 225. Ule wa 16,113.75 unakuja 71.62 kwa saa. Hiyo namba 225 iandike nyuma ya simu.

Tano, ovataimu, jumapili na sikukuu

Siku ya kawaida ukipita masaa yako ni mara 1.5. Siku yako ya mapumziko na siku ya sikukuu ya taifa ni mara 2. Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa, kwa hivyo ukiitwa Idd kumwaga zege hiyo ni dabali, si "baraka". Masaa ya wiki angalia kwa mkataba wako, order ya jumla inasema saa 52 kwa siku sita, mkataba wa chama ukisema machache hayo machache ndo yako na yanayozidi ni ovataimu. Na lazima upate angalau siku moja ya kupumzika kila siku saba.

Nikwambie ya kwangu. Kuna kampuni moja sitaitaja, tulikuwa tunamwaga slebu, mlipo 1,300 kwa saa 8. Zege ikianza haisimami kila mtu anajua, tukaingia saa moja asubuhi, mikisa ikaharibika adhuhuri, tukatoka saa tatu usiku, miguu imeliwa na simiti. Meneja akaja na krati ya soda na mia tatu kila mtu, tukashukuru wallahi, kuna mpaka aliyempigia makofi. Nyumbani ndo nikahesabu: saa 14 toa moja ya kula ni 13, za kawaida 8, ovataimu 5. Tano mara 162.50 mara 1.5 ni 1,218.75. Nilipewa 300. Soda ile ilinigharimu mia tisa na kumi na nane na senti zake na wala haikuwa baridi.

Sita, yale yasiyotajwa getini

Kwa wenzetu Marekani chama cha mjengo kikitaja bei hutaja mbili kwa pamoja: ya kuweka mfukoni kwa saa, na ya marupurupu kwa saa ambayo inaenda kwa mfuko wa matibabu, pensheni na kadhalika. Wana sheria ya tangu 1931, Davis-Bacon, inayosema kazi za serikali kuu zilipwe bei ya eneo pamoja na hayo marupurupu. Dola zao tuwaachie, lakini ile akili ya kuhesabu marupurupu kwa saa ndo nataka tuibe, maana hapa sisi huyaona kama zawadi ya kontrakta mwenye roho nzuri.

Tufanye na fundi wa mwezi, msingi wake 30,000. Gawa kwa 225, saa yake ni 133.33. Ukimlinganisha na Ali utasema Ali yuko juu kidogo. Ngoja.

Nyumba kwanza. Employment Act ya 2007 inasema mwajiri akupe makao ama pesa ya kutosha ya kodi juu ya mshahara, na order ya jumla imeweka asilimia 15. Kwa 30,000 hiyo ni 4,500. Akikwambia imo ndani ya mshahara basi iwe imeandikwa na nyinyi mmekubaliana.

Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka na zinalipwa, yaani siku 1.75 kila mwezi. 30,000 gawa kwa 26 ni 1,153.85 kwa siku, mara 1.75 ni 2,019 kwa mwezi ambazo unajiwekea hata bila kujua. Ukitoka kabla ya mwaka zile ulizokusanya zinafuatana na wewe.

NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, wewe unakatwa asilimia 6 na yeye anaongeza asilimia 6 yake. Kwa 34,500, yaani msingi na nyumba, fungu lake ni 2,070.

Jumlisha 4,500 na 2,019 na 2,070, ni 8,589. Gawa kwa 225, ni 38 kwa saa. Sasa 133 na 38 ni 171. Ali na 1,500 yake yuko 136, hana nyumba, hana likizo, hana NSSF. Ili kibarua wa saa 8 alingane tu na huyu jamaa wa mwezi anatakiwa alipwe kama 1,370 kwa siku ya saa 8 na hapo bado hajaugua hata siku moja. Pia mwajiri anatoa asilimia 1.5 ya housing levy, tozo ya nyumba za serikali, kwa kila mtu lakini hiyo siihesabu, nitaihesabu siku nikishika ufunguo.

Kuugua sasa. Ukishafanya miezi miwili mfululizo una haki ya angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kila mwaka, uwe na karatasi ya daktari. Akina mama, tuko nao saiti siku hizi, rangi na tailizi na hata stili, miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili.

Na ajali. Kazi yetu ni ya juu, skafoldi ya mbao za boriti zilizofungwa kwa misumari tunaijua wote. Sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia ya kuumia kazini, inamlazimu mwajiri awe na bima ya kazi, na kibarua pia ni mfanyakazi, usidanganywe ati bima ni ya permanenti peke yao. Ukiumia mwambie msimamizi hapo hapo, kwa maandishi ama hata WhatsApp, piga picha ya mahali, pata majina ya wawili waliokuona. Mwajiri ana siku 7 kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na kama mtu amefariki ni ndani ya saa 24. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda kuna malipo mpaka miezi 12, na kwa kifo ama ulemavu kamili wa kudumu fidia ni mapato ya miezi 96. Kile kitu cha kupewa elfu mbili ya daladala na panado ukaambiwa "pumzika ukipona utarudi", hicho si fidia, na usisaini karatasi yoyote ukiwa kitandani.

Saba, kusoma karatasi ya mshahara

Yule wetu wa 30,000, mwezi huu kafanya ovataimu saa 20 na jumapili moja ya saa 8. Ovataimu ni 20 mara 200, yaani 4,000. Jumapili ni 8 mara 266.67, yaani 2,133. Ongeza nyumba 4,500, jumla 40,633.

Kukatwa: NSSF asilimia 6 ni 2,438. SHIF, bima ya afya iliyoingia mahali pa NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, hapo 1,117. Housing levy asilimia 1.5 ni 610. Hizo tatu ni 4,165. Kisha PAYE, yaani kodi ya mapato, kisha ada ya chama. Basi. Ukiona mstari wa "vifaa" ama "helmeti" ama "mashine" uliza, maana sheria inaruhusu kukata hasara uliyoileta kwa makusudi, si grainda ya kichina iliyojichomea yenyewe. Na makato yote kwa pamoja hayafai kupita theluthi mbili za mshahara.

Kisha ingia kwa akaunti yako ya NSSF na ya SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, uangalie kama pesa imefika. Kukatwa na kupelekwa ni vitu viwili. Nishaona peislipu safi kabisa na akaunti iko kavu miezi saba.

Nane, ule mchezo wa kibarua wa milele

Kifungu cha 37 cha Employment Act kinasema ukifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, ama kazi yenyewe haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, wewe si kibarua tena, unageuka kuwa wa mwezi, na notisi yako inakuwa siku 28. Sasa jiulize, ghorofa nane gani huisha kwa miezi mitatu?

Makontrakta wanajua hili kuliko sisi. Ndo maana utasikia "wiki hii pumzika, wiki ijayo rudi", ama mastaroli inabadilishwa, mwezi huu wewe ni Juma, mwezi ujao ni ndugu yake Juma. Daftari lako ndo dawa. Pia kuna ile ya kuwekwa chini ya fundi aliyechukua leba, yaani kapewa na kontrakta kazi ya kuleta watu, ambaye naye hana hata koleo lake, ukidai unaambiwa bosi wako ni yule. Kabla hujaanza uliza nani anakulipa na pesa inatoka kwa namba gani.

Saiti ikiisha na wanapunguza watu, hiyo ni redandansi, yaani kuachishwa kwa kuwa kazi imeisha, chama na ofisi ya leba waambiwe mwezi mmoja kabla, na kila mwaka uliokamilisha una siku zisizopungua 15 za malipo.

Tisa, ukishaona umepunjwa

Anza na shopu stiwadi, si kwa kelele, peleka hesabu kwa karatasi moja: saa kadhaa, bei kadhaa, nilipwe hivi, nililipwa hivi, tofauti hii. Kontrakta hubishana na hasira kirahisi sana, na hesabu anashindwa. Ikishindikana tawi la chama linaandika barua. Kama huna chama nenda ofisi ya leba moja kwa moja, huduma yao hulipii. Umefukuzwa? Malalamiko yako yafike leba ndani ya miezi mitatu. Madai mengine ya mkataba korti inakupa miaka mitatu, ikipita hata uwe na haki kama mlima umechelewa.

Beba daftari, meseji za M-Pesa, picha za saiti zikiwa na lile bango la mbele lenye jina la kontrakta, na namba za wenzako wawili walio tayari kusimama. Na siku unatoka, kama ulikaa zaidi ya wiki nne, dai cheti cha huduma, hawaruhusiwi kukunyima hata kama mmegombana, kwa sababu kwenye saiti inayofuata ndo kitaonyesha ulikuwa unafanya kazi gani na tangu lini.